Jumanne, Gongoni

Mara ya kwanza nilifika na mkoba:
unga kilo mbili, sabuni ya mche,
vijitabu kumi na viwili vya rangi
na mahubiri niliyoyapigia mstari mwekundu.
Mchungaji Ngowa alikuwa amenielekeza hivi:
Mbodze wa Nzai, nyuma ya kiwanda cha chumvi.
Ukiuliza, watu watanyamaza.
Wewe fuata huko kunyamaza kwao.

Nikafuata.
Kulinipitisha kando ya mabwawa ya chumvi, meupe hadi jicho linauma,
kwa muuza mafuta ya taa aliyegeuza uso,
kwa watoto walioacha mpira ukabingirika peke yake,
kukanifikisha kwenye kibanda cha makuti yaliyochoka
na mwanamke aliyekuwa akijipaka piko kichwani
kwa mswaki wa meno.

"Ngoja," alisema. "Bado upande wa kushoto."

Huku kwetu mvi zilikuwa heshima.
Siku hizi ni ushahidi.
Mjukuu alikufa kwa homa ya siku tatu;
siku ya nne wanawe wa kuwazaa
walizihesabu nywele zake nyeupe
wakaona hesabu inatosha.
Alitoka Bamba usiku huohuo,
na leso moja, na sufuria isiyo na kifuniko.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa na tumaini
lenye vipengele vitatu na hitimisho.
"Mwanangu," akasema, "maneno yako mazuri.
Yaweke hapo, kwenye unga."

Nikayaweka.
Akanisogezea mbuzi ya kukunia nazi, nikaikalia,
meno yake ya chuma yakinichungulia magotini,
tukachambua majani ya kunde.
Saa nzima. Kisha nyingine.
Neno alilosema ni moja: "Mdudu."
Nikamtoa.

Nilirudi mjini na hasira.
Daftari la kanisa lina safu zake:
waliohubiriwa, waliookoka, vitabu vilivyogawiwa.
Niliandika sifuri, nikaandika sifuri,
kalamu ikakwama. Hapana safu ya kunde.

Usiku niliomba vibaya.
Nilisema, Bwana, umenipandisha gari hadi kule nikachambue mboga?
Sikujibiwa. Ila usingizi ulipokuwa unakuja
niliwaza ile miaka thelathini ya seremala
ambayo karibu yote haikuandikwa:
anapiga randa, anakula, anaazima nyundo,
anaishi tu na watu, jirani.

Nikaenda Jumanne ya pili. Ya tatu.
Ya tano njia ilikatika kwa mvua,
nikatembea kutoka Mambrui na viatu mkononi.
Vijitabu alivitumia kuziba tundu la ukuta,
picha zikitazama ndani, ili aone rangi.
Ya tisa malaria ilinilaza, sikuenda.

Ya kumi nilikuta kikombe kimefunikwa kwa sahani.
Nikafunua: chai, imeota ukungu.
"Ya wiki jana," alisema, akitazama kwingine.
"Ningeimwaga, ingekuwa kama nimekubali huji."
Nilikiosha kile kikombe. Nilikiosha mara mbili,
nikiwa nimempa mgongo,
kwa sababu ya macho yangu.

Sijui kama ameokoka. Sijamuuliza.
Yeye ndiye aliyeniuliza mimi, siku moja ya jua kali,
kama huko kanisani ninaye mtu wa kukaa naye.
Nikasema nina watu wengi.
Akasema, "Sikuuliza wangapi."

Jana nilimkuta nje ya mlango, kichwa wazi,
nywele nyeupe pe, kama bwawa lililokauka juzi.
Nikashtuka. "Piko imeisha? Nikuletee?"
"Ipo," alisema. "Jumanne sipaki."

Lori la chumvi likapita taratibu.
Utingo akageuka, akatazama, akatazama tena.
Mkono wake Mbodze ulikwenda kwenye leso,
ukakaa juu ya leso,
ukarudi kwenye ungo.

Leo ni Jumatano, najua amepaka.

Lakini jana alinisogezea mbuzi, nikakaa,
na kwenye jani la tatu au la nne
nilisema, "Mdudu."
Akamtoa.