Kumpisha Nzohe

Shingo yangu bado ina mazoea ya barabara ya Busia:
kila baada ya pumzi tatu inageuka
kutafuta lori.

Kanyaboli hakuna lori.
Tairi linatafuna changarawe, krr, krr,
mafunjo yamesimama ukuta huku na huku,
na mnyororo, niliopaka mafuta ya kupikia, unanong'ona.
Onditi aliyeniachia baiskeli hii,
rimu imepinda mahali pamoja tu,
hakuwahi kuendesha bila kusikiliza mgongoni.

Kwenye kona, nzohe.
Katikati ya njia, kwato zimelowa,
ananitazama kama mwenye boma aliyesikia hodi.
Nikakamata breki.
Kengele sikuigusa.

Akachukua muda wake, akayarudia maji.

Nami nikakanyaga pedali.
Tangu pale darajani, kumbe,
sijatazama nyuma.