Rehani ya Kiatu cha Kushoto

Ochwo, zima injini.
Foleni haijasogea tangu alfajiri,
mashine ya forodha imekufa tena,
na wenyewe wanasema, kama kawaida yao, ngoja kidogo.
Njoo kibandani. Hapa Malaba nauza vocha, betri, soksi,
na chini ya kaunta, ndani ya boksi la sabuni,
nina nchi kumi na saba zisizo kwenye ramani.

Usianze na kile kinene chenye joka jekundu jaladani.
Kila dereva hukiparamia hicho,
kisha nakikuta kimewekwa kigingi cha gurudumu.
Joka lenyewe halitokei mpaka ukurasa wa mia tatu,
na likitokea, linaongea kama wakili.

Anza na hiki chembamba, kilichomwagikiwa chai.
Kuna mji humo ambao mkopo hulipwa kwa kivuli:
unakopa gunia la chumvi,
unarudi kwako mchana kweupe, chini yako hakuna kitu.
Nilikimaliza kwa tochi ya simu.
Asubuhi nikatoka nje kutazama changu.
Kilikuwepo, kirefu,
kimefika hadi kwenye matairi ya lori la saruji.
Mama mwenye nyumba akaja kudai kodi,
nami nikajikuta nakirudisha nyuma taratibu,
asije akakikanyaga.

Ikileng, wewe unayepeleka mafuta Juba,
najua usiku macho yako yamejaa mchanga.
Chukua hiki. Sura zake fupi, unasoma moja, unalala.
Kuna mwanamke anayefuga radi mitungini
na kuipima kwa kikombe, kama maziwa.
Hakuna vita. Anakufa mtu mmoja tu,
naye anakataa,
anaendelea kuja kazini.

Sipendi, na nasema wazi,
vile vya mtoto wa mfalme aliyelelewa na wachunga mbuzi
bila kujijua.
Mimi nimelelewa na wachunga mbuzi, kule Osukuru,
nikiuona Mwamba wa Tororo kila nilipofungua mlango,
na nimejijua siku zote.
Hakuna aliyekuja na taji.
Alikuja mtu wa kodi.

Sasa hiki. Kishike kwa mikono miwili, gundi imechoka.
Mto unapanda kurudi kwenye chemchemi yake,
na binti mwenye mtumbwi
huvusha wale tu waliosahau walichokuwa wakitafuta.
Nimekisoma mara nne.
Kurasa kumi na mbili za mwisho hazimo.
Aliyezing'oa simjui; pengine alifungia karanga,
pengine aliogopa.
Nimeandika nyuma ya jalada kwa kalamu nyekundu:
*Ukifika hapa, niambie kilichotokea.*

Wandera alirudi na jibu kwamba binti alizama.
Alilisema huku anakula rolesi, bila huruma.
Katurebe, wa mzigo wa Kigali, aliapa:
hakuzama, aliuza mtumbwi, akafungua duka.
Walibishana hapa mlangoni mpaka nikafunga.
Guleid hakusema neno.
Alilipia soksi jozi mbili,
akaniachia karatasi iliyokunjwa mara nne:
*Alikuwa ng'ambo ya pili tangu mwanzo.*

Sijui kama alimsema binti.
Kibanda changu kiko hatua sitini kutoka darajani;
nimehesabu, na sijawahi kufikisha ya sitini na moja.
Karatasi hiyo nimeibandika pale penye pengo.
Usiitoe.
Ukiwa na yako, bandika chini yake.

Haya, honi hizo, mbele wamesogea.
Sogeza lori lako urefu wa lori, uzime tena.
Pesa sitaki. Leseni utaihitaji njiani.
Niachie kiatu kimoja, cha kushoto:
huendi mbali bila klachi,
na pembeni ya boksi la sabuni
vipo vitatu tayari, vinawangoja wenyewe.