Masjala ya Nyemo

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa huu.
Najua harufu ya jalada lililolala,
najua panya anapoanzia: pembeni, kwenye gundi,
si kwenye maandishi.

Kwa hiyo Chilongani wa maabara aliponiambia
damu nayo ina masjala, sikucheka.
Alifuta miwani kwa pindo la koti jeupe,
akachora nyuma ya risiti ya dawa:
duara, duara, duara.
"Hizi chembe, mzee, ni makarani wenzako.
Mafua ya mwaka juzi yamo humu.
Kuhara kwa Krismasi kumo.
Kila mgeni aliyewahi kumsumbua mwanao
ana faili lake, na sahihi ya aliyemfukuza."

Agosti ile upepo wa Ipagala
uliupaka mchana rangi ya uji wa uwele.
Surua haikuvunja mlango.
Iliingia puani vumbi linavyoingia,
na kule chini ya mapafu kuna mfagiaji,
seli ambayo kazi yake ni kumeza vumbi
(hapa Dodoma, Mungu amtie nguvu, hapumziki).
Akameza. Kilichomezwa hakikufa.
Akakibeba mwenyewe,
kwa uaminifu wote wa mtumishi wa umma,
hadi tezi za shingo,
hadi kaunta ya masjala,
akasema: mzigo wenu huu.

Nikamkatiza. Hakuna anayekagua?
"Wakaguzi ndio inaowataka," akasema.
Kirusi hiki kina ufunguo,
na tundu lake limechongwa kifuani mwa wenye kukumbuka.
Karani akafunguliwa kama droo,
akageuzwa mashine ya kuchapa nakala,
nakala za adui, usiku kucha,
huku mafaili ya zamani yakianguka
bila kelele.

Vipele vikatoka. Mama Sechelela akashukuru:
vikija nje ni heri, vimeuacha moyo.
Hakukosea, mwili ulikuwa unashinda.
Ila ulishinda kwa kuchoma jengo
na makarani wakiwa ndani.

Mwezi wa kumi Nyemo alikuwa anakimbia,
anadokoa zabibu kwenye beseni la mama yake.
Desemba, mvua ya kwanza, akakohoa
kikohozi nilichokifahamu.
Kilekile. Mwaka juzi tulikimaliza kwa siku tatu
na asali.
Safari hii siku kumi na sita, na mpira wa oksijeni puani,
na mwili wake ukikitazama
kama mtu anayeulizwa jina la jirani
akabaki mdomo wazi.

Sasa nifike nisipotaka kufika.
Kadi ya kliniki ina visanduku,
na kimoja ni cheupe.
Wiki ile nilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam
na malori mawili ya majalada ya wizara, kuja Mtumba,
nikihesabu maboksi kila tuliposimama,
Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa.
Halikupotea hata moja.
Nilisema, mtoto tutampeleka tukishatulia.
Niliandikiwa barua ya pongezi.
Ipo. Naweza kukutajia namba yake.

Usiku huu anakohoa tena, kidogo tu.
Chilongani anasema damu inaandika upya,
kila homa ukurasa, kila mafua mstari,
kwa mwandiko wa chekechea:
herufi kubwa, zinazotoka nje ya mistari.
Kisanduku cheupe tumekijaza, kwa kuchelewa,
nikakagua tarehe mara tatu mbele ya muuguzi
hadi akaniuliza kama nafanya kazi mahakamani.

Bati linagonga. Nimekaa ukingoni mwa kitanda.
Kalamu siwezi kumshikia.
Namshikia tochi.
"Baba," anasema, macho yamefumba,
"umeme upo."