Karatasi Isiyosengenya

Jumamosi, Bolton, manyunyu yasiyojua kuanza wala kwisha.
Naingia duka la hisani nyuma ya soko
na Nsimire, mjukuu wangu, na miwani mbili:
ya mbali puani,
ya karibu inaning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi.

Natafuta Biblia. Siyo ya kuweka juu ya kabati.
Hiyo ninayo: ngozi nyeusi, kingo za dhahabu,
zawadi ya kanisa mwaka tulipofika,
herufi zake ulezi uliomwagika
na mimi si kuku.

Na ile ya Nyarugusu, ya lugha yangu,
ilinyeshewa hemani ikaumuka kama andazi.
Toka Yoweli hadi Mathayo kurasa zimegandamana.
Marehemu Byamungu alisema
manabii wadogo wanakumbatiana kwa baridi.
Sijazibandua.

"Bibi, kwenye simu unavuta tu kwa vidole viwili,
herufi zinakuwa kubwa kama tangazo la basi."
Najua. Nimejaribu.
Mstari mmoja unajaza kioo,
ukifika mwisho umeshasahau nani anamwambia nani,
na katikati ya sala anaingia shangazi wa Uvira
na picha ya ng'ombe.

Rafu ya chini, kati ya mapishi na ramani za barabara zilizokwishahama,
ziko tano.
Nazipima nilivyokuwa napima vitenge soko la Kadutu:
nainua ukurasa dirishani, mwanga upite.

Ya kwanza inasengenya.
Maneno ya nyuma yanachungulia mbele,
jirani wa ukuta mwembamba;
Hana ameshaanza kulia upande wa pili
na Ruthu hapa hajamaliza kujifungua.

Ya pili ni Kiingereza cha mababu zao,
vitenzi vimevaa kofia ndefu na soksi za magotini.
Nsimire anasoma kwa sauti, anajikwaa, anacheka.
Ya tatu imelainishwa mno, uji wa mgonjwa;
na meno bado ninayo, kumi na tisa.
Ya nne, tanbihi zimepanda kama mafuriko
hadi kifuani mwa ukurasa:
mtaalamu anaongea, Mungu anangoja zamu.

Ya tano: kitambaa cha kijani, kona zimeliwa,
pauni mbili na nusu. Safu moja, si mbili.
Karatasi nene, ina siri zake.
Herufi zimeachana nafasi
kama watu wenye adabu kwenye foleni ya posta.
Nasoma mistari sita bila kidole.
Ndani ya jalada, kwa penseli:
Winifred Entwistle, Halliwell, 1988.

Nafungua mwisho wa Ayubu,
pale anapopewa watoto tena, kumi, wazuri.
Pembeni, penseli ileile, mkono umekandamiza:
Hawa si wale.

Nsimire anaanza kunifafanulia.
Namwambia nyamaza kidogo.

Nimetembea na neno hilo tangu Uvira.
Nimelipitisha mipaka miwili na uwanja wa ndege,
wachungaji watatu wameliona mdomoni mwangu
wakaliombea litoke.
Sikujua linaruhusiwa kukaa humo,
pembeni, karibu kabisa na maandishi,
na kitabu kisishike moto.

Mama wa kaunta anaona michoro, uso unamshuka.
"Samahani, mpenzi, mtu ameichafua. Nikupunguzie?
Au nikutafutie kifutio?"
Naweka sarafu moja moja mpaka zitimie.
Mbili na nusu. Kamili.

Kituoni Nsimire anauliza kilichonifanya nichague hii.
Herufi, namwambia. Macho yangu, unayajua.
Basi limechelewa. Mvua imepata nguvu.
Nafungua vifungo viwili vya koti,
naisukuma ndani, chini ya kwapa,
nafunga.
Hii haitaumuka.