Yatokanayo

Miaka mitano nimekaa pembeni ya meza ndefu,
mwandishi wa vikao, Manispaa ya Moshi,
nikigeuza kelele za saa nne kuwa sentensi moja:
"Wajumbe walijadili kwa kina."

Siku ya kiapo majoho yalinuka duka.
Fundi aliyakata yote kwa kipimo cha mtu mmoja mrefu
ambaye hatukuwahi kumpata.
Sifueli Matowo, diwani mfupi kuliko wote,
alishika Biblia mkono huu, pindo mkono huu,
kama mtu anayevuka mto.
Sikujua bado kwamba nitaandika habari za mto.

Kikao cha kwanza, hoja namba saba: kalavati la korongoni, Njoro.
Azimio: mhandisi atembelee eneo.
Cha pili, chini ya Yatokanayo: mhandisi hana gari.
Cha tatu: mhandisi alitembelea eneo, akaona maji.
Cha sita: fedha zilifika, zikaelekezwa kwenye viti vya ukumbi.

Viti ni vizuri. Vinazunguka.

Anaeli Urio alilala humo mihula yote ya bajeti.
Mstahiki akisema "wanaoafiki," alishtuka
akaitikia ndiyo kuliko waliokuwa macho,
wala hakuwahi kukosea upande.
Ndeshimuni Mallya wa viti maalumu
alihesabu matundu ya vyoo shule kwa shule,
akaja na daftari lenye madoa ya mvua.
Taarifa ilipokelewa.
(Kupokelewa, kwa lugha yetu, ni kuwekwa kabatini.)
Mwaka wa tatu Mgonja alitoka nje na wenzake kumi na mmoja
kwa sababu ya stendi, au ya nani achimbe msingi wa stendi.
Akidi ikavunjika. Tukabaki tisa
na chai ya watu thelathini na maandazi yake.

Halafu Mwanaidi Kiangi, Bondeni, akasimama
na hoja yenye vina. Nikaandika: "Mjumbe alichangia."
Ukingoni mwa karatasi, kwa penseli, niliiba hii:

*Kalavati si dhahabu, ni saruji na kokoto,*
*Mwaka wa nne jawabu hatuna; mto ni mto,*
*Mkikaa na hesabu, nani ashike watoto?*
*Mstahiki, toa jibu, au ni joho na joto?*

Walicheka. Hata Mstahiki, mkufu ukimrukaruka kifuani.
Hoja ikasogezwa.

Masika ya mwaka ule Sifueli alifariki, sukari.
Tulisimama dakika moja; niliipima, ilikuwa sekunde arobaini.
Uchaguzi mdogo ukaleta kijana wa kata yake.
Nilimtolea joho stoo, pindo lina tope kavu.
Lilimtosha.

Juzi barua imekuja: baraza limevunjwa.
Nilitega sikio. Hakuna kilicholia.
Mhudumu alikuwa anafuta ubao wa mahudhurio,
akiacha jina la Urio kwa kuwa rangi yake imegoma kutoka.
Nikahesabu majoho, nikayafunga kwa katani.
Muhtasari wa kikao cha ishirini haujathibitishwa
na waliokuwemo hawapo tena kuuthibitisha;
watakuja wengine, wapya, wanyoe mikono juu,
waape kwamba ndivyo tulivyosema.
Namba saba imo. Nimeipigia mstari.

Nikatoka jioni kwenda kwangu, njia ya korongoni.
Juu mlimani ilikuwa imenyesha.
Pale ipo nguzo ya umeme iliyolazwa,
Mama Haikaeli wa maziwa na wanawe waliivuta
wiki ile ile ya kiapo, bila mhandisi,
na sisi tukaiita, kwenye kikao cha nane,
"miundombinu ya muda."
Imelika katikati, inateleza.

Nikavua viatu,
faili kwapani,
nikashika pindo la suruali.