Ramani ya Kidato cha Pili

Mwaka ule, Mityana, mvua ya Machi
ikipiga mabati hata sauti ya mwalimu ikizama,
Ssekajugo alitufundisha mabaroni wa Uingereza:
mfalme kavuka bahari, kashinda vita,
kaigawa nchi kama nyama ya matanga.
Huyu kampa vijiji thelathini
vilivyotawanyika kama mtama uliomwagika,
asije akakusanya nguvu mahali pamoja akaasi.
Naye alipe: wapanda farasi kumi na watano,
siku arobaini kila mwaka, na farasi wawe wameshiba.

"Na waliokuwa wakiishi humo?" akauliza Nabbosa.
"Walihesabiwa," akasema mwalimu. "Wao na ng'ombe na vinu."

Kazi ya nyumbani: chora milki ya baroni.
Mto, kinu, kanisa, ngome, mipaka.

Ngome sijaiona maishani.
Nikachora kilima cha marehemu Kasibante,
nyumba yake ya matofali, baraza mbele, popo darini.
Chini yake mto wetu uliosongwa na mafunjo;
nikaandika: handaki la maji.
Kinu nikakiweka penye mashine ya kukoboa kahawa.
Kanisa halikuhitaji kubuniwa.
Kisha vibanja, kimoja kimoja, kwa majina:
cha Lwevuze mwenye mguu mmoja,
cha wale wajane wawili wasiosemezana,
na chetu, migomba mia mbili na kaburi la babu
aliyepanda kilima kile kila mwaka, kama baba yake,
busulu mkononi, rupia zamani, shilingi baadaye,
na kibuyu cha pombe ya ndizi kwa kila pombe iliyopikwa,
akapiga magoti barazani,
akapewa risiti.
Risiti tunazo. Zimo katika kopo la maziwa ya unga.
Bibi hajui kusoma, lakini ukimchanganyia
atazipanga upya mwaka kwa mwaka, kwa madoa yake.

Mpaka wa kaskazini nikaupitisha nyuma ya mvule,
penye luwanyi, lile jani lisilokufa
tunalolipanda ili ardhi isisahau,
kama bibi alivyonionyesha kwa kisigino:
hapa.
Na hapa.
Hapa pia, hata wakisema nini.

Daftari likarudi Jumatatu.
Nne juu ya kumi. Wino mwekundu:
*Uingereza haina migomba.
Mto umechorwa vizuri.
Mpaka wa kaskazini umekosewa. Mvule ni wetu.*

Wetu.
Nikainua macho ubaoni, na kwa mara ya kwanza
nikayaona yale masikio, yaliyochomoza kidogo juu,
masikio ya picha iliyotundikwa pale barazani
ambapo babu aliacha alama za magoti.

Nilimsomea bibi jioni ile, jikoni.
Hakukasirika. Alimaliza kumenya chane nzima,
akajipangusa utomvu,
akauliza swali moja tu:
"Ameandika kwa penseli, au kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, bibi."

"Na jina lake lipo?"

Lilikuwepo, chini ya ile nne.

"Basi lichane hilo karatasi taratibu," akasema,
"unipe na lile kopo."