Kwa Nyamizi, Pamoja na Kigamba Kilichong'oka

Umenitumia picha, umezungushia duara
meno ya mwanamke usiyemjua,
ukaandika: Dada, kama haya. Kabla ya sendofu.

Ngoja nikwambie.

Fundi wangu alishuka na treni ya Jumanne,
akapanga chumba namba nne, gesti ya nyuma ya stesheni.
Hakuuliza kama fizi zangu hutoka damu.
(Zilikuwa zinatoka.)
Hakupiga picha ya mizizi. Alipiga bei:
madebe mawili ya asali ya mama,
nikaihesabu pesa kitandani
huku yeye akivaa glavu
ambazo nadhani zilishavaliwa.

Kisha akachonga. Sita ya juu,
kama mtoto mwenye hasira anavyochonga penseli.
Vumbi likanuka kwato iliyoungua.
Yalikuwa meno mazima, Nyamizi.
Ya manjano kidogo, lakini mazima.
Na mwanya wa bibi, ule alioupenda Mihayo,
akauziba.

Harusini niling'aa. Sikatai. Albamu ipo.

Mwezi wa tatu chai ikawa sindano.
Maji ya mtungi, sindano.
Juu ya bodaboda nikafunga mdomo
kama mwenye siri ya ukoo.
Pale kigamba kilipokutana na ufizi palibaki ukingo,
uji ukajificha humo, ukazaa harufu.
Usiku, Mihayo asema, nasaga meno
kama mashine ya Ipuli siku ya foleni.
La mbele likang'oka Cheyo, msibani,
natafuna tobolwa. Si mfupa. Tobolwa!
Nikalia. Wafiwa wakanishukuru.

Daktari Sizya alinimulika kinywani,
akanyamaza hadi nikaanza kuhesabu mapigo ya feni.
"Gamba la jino si ukucha," akasema, "halioti tena.
Umeshavua nguo, maji utayaoga:
kofia hizi utavaa maisha,
na kofia huchakaa."

Basi kama moyo wako umegoma kusikia,
nenda kwa aliyesomea, mwenye kuchemsha vyombo vyake.
Atibu fizi kwanza. Azibe matobo kwanza.
Mwambie kama unasaga usiku, akupe kinga ya kulalia.
Aweke ya majaribio, ukae nayo wiki,
useme shikamoo mbele ya kioo, ucheke, ule.
Uliza atachonga kiasi gani.
Akijibu "usijali," chukua mkoba wako.
Au umwombe asafishe tu.
Huenda manjano yako ni chai.
Na soda usifungue kwa meno,
hilo mama alilisema tangu hatujaota ya utu uzima.

Bahasha inakuja na basi la Nzega.
Fungua polepole, kitu chenyewe kidogo,
chepesi kuliko ganda la karanga.
Kigeuze. Tazama upande wa ndani:
umbo la jino langu
bado limo,
tupu.